Bahasha ya Kumi na Saba

Tulikuwa waamuzi watatu, bahasha arobaini na moja,
birika la chai ya tangawizi, na umeme wa Kampala
uliokatika saa mbili kamili, kama aliyeagizwa.
Tukasoma kwa tochi za simu.
Ssekitoleko akanung'unika kwamba macho yake hayalipwi ziada.

Bahasha za mwanzo usiniulize.
Nyingine zilitangaza kiama: mashine itaamka, itatumeza.
Nyingine ziliahidi pepo: itatibu, italima, itatulelea watoto.
Zote zilikuwa na hakika.
Nimekata sentensi za watu miaka thelathini,
na hakika ndiyo ninayoinusa kwanza,
kama maziwa yaliyolala.
Lisemwalo lipo, sawa;
lakini mhariri ana deni la kuuliza: lipo wapi? Kaliona nani?

Ya kumi na saba ilitoka Soroti.
Asekenye, wa redio ndogo,
hakuanza na mashine. Alianza na benchi,
benchi la zahanati moja huko Ngora,
mguu mmoja umefungwa kwa kamba ya katani,
na juu yake Ikiring, mimba ya miezi minane,
ameshika simu kwa mikono miwili
kama ashikaye kikombe cha moto.
Ndani ya simu mlikuwa na mshauri wa afya
asiyelala, asiyefoka, asiyeomba kitu kidogo.
Nani asingempenda?
Ikiring aliuliza kwa Kiteso:
kichwa kinapasuka, naona vimulimuli mchana, miguu imevimba.
Akajibiwa kwa upole: pumzika, mama, kunywa maji.

Asekenye akanunua daftari la shule,
lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni,
na usiku kumi na tisa akauliza swali lile lile mara mbili,
kwa Kiteso, halafu kwa Kiingereza.
Kwa Kiingereza mashine ilishtuka: nenda hospitali, sasa hivi.
Kwa Kiteso: kunywa maji.
Safu mbili, mwandiko wa kuinama, tarehe, saa;
na pale mtandao ulipokatika
ameandika: mtandao umekatika.

Ikiring aliishi. Mtoto hakuishi.
Asekenye hakuandika kwamba mashine imeua.
Aliandika kwamba gari la wagonjwa nalo halikuwa na mafuta.
Alimpa mhandisi Byamukama aya nne nzima,
wala hakumwotesha pembe.
"Tuliipima kwa Kiingereza," alisema yule kijana,
"tukadhani usalama hujitafsiri wenyewe."

Kisha ikaja sentensi iliyonisimamisha:
*Ni wanawake wangapi walioambiwa wanywe maji? Sijui.
Kampuni nayo haijui. Hiyo ndiyo habari.*

Enzi zangu ningeikata.
Mwandishi hajui? Arudi akatafute!
Nilibaki na kalamu nyekundu hewani,
nikikumbuka mangapi niliyoyachapa
kwa kuwa tu mtu aliyasema bila kigugumizi.

Umeme uliporudi, hakuna aliyetaja kura.
Kyomugisha alikuwa ameshaiweka ile bahasha
peke yake, mbali na chai.

Nasikia siku hizi ukiiuliza kwa Kiteso
mashine hujibu: sina uhakika, nenda hospitali.
Limechukua muda neno hilo kufika huko.
Lilipitia daftari la shilingi elfu moja.

Siku ya tuzo, kibao kilikosea jina lake, herufi moja.
Akacheka, akaazima kalamu yangu,
akasahihisha mwenyewe juu ya mbao.
Hotuba hakutoa.
Aliuliza tu kama fedha zitatoka kabla ya Ijumaa,
maana basi la alfajiri halikopeshi,
na ile mashine
hajaiuliza bado kwa Kikumamu.